Kisu cha kalioni na njia ya kurudi Gulwe

Mtu mwenye maumivu haya humtambui akitembea, unamtambua akikaa. Mkute kwenye benchi pale stesheni ya Gulwe, wilayani Mpwapwa: uzito wote kautupia kalio moja, lingine kaliinua kidogo kama aliyekalia mwiba. Dakika kumi hazijapita keshasimama, anajifanya kuchungulia kama treni inakuja. Ibadani huchagua kukaa nyuma kabisa ili akichoka asimame bila kuonekana. Ukimuuliza anaumwa nini, atakujibu mgongo, na hapo hadanganyi. Kwetu kila maumivu yanayoanzia kiunoni na kuishia kisiginoni huitwa mgongo, na zahanati nyingi nazo huyaandika hivyo hivyo kwenye daftari.

Wapo ambao kweli tatizo lao ni mgongo, na hao ndio wengi: diski iliyochomoza kati ya pingili na kuibana mizizi ya neva. Lakini wapo wachache ambao uti wao wa mgongo ni mzima kabisa, na kinachowatesa ni msuli mmoja uliojificha ndani ya kalio. Wataalamu wanauita pirifomisi. Umeanzia kwenye mfupa wa sakramu, ule wa chini kabisa wa mgongo kabla ya kifandugu, ukakatiza kalio kwa mlalo na kujishikiza juu ya mfupa wa paja. Kazi yake ni kuligeuza paja kuelekea nje. Usingekuwa na jirani yake, pengine nje ya darasa la anatomia usingetajwa na mtu. Chini yake hupita siatiki, neva nene kuliko zote mwilini, yenye unene unaokaribia kidole, inayoshuka hadi unyayoni. Msuli ukikaza, ukivimba au ukipata kovu baada ya mtu kuanguka na kalio, neva hubanwa, na maumivu kama moto huteremka nyuma ya paja hadi kwenye shavu la mguu.

Mwaka 1937 wanaanatomia wawili wa Marekani, Beaton na Anson, waliandika kwamba njia ya neva hiyo haifanani kwa watu wote. Kwa wengi inapita chini ya msuli. Kwa wachache inagawanyika mapema, tawi moja likapenya katikati ya msuli na lingine likapita chini. Mtu anaweza kuishi miaka themanini na umbo hilo bila kujua. Ila daktari anayetaka kupitisha kisu hapo lazima alijue, maana anachotarajia kukikuta chini kinaweza kuwa juu, au ndani.

Wazo la kuukata msuli huu lenyewe ni la zamani. Yeoman, daktari wa Uingereza, alishauhusisha msuli huo na maumivu ya siatiki mwaka 1928, na katika miaka ya 1930 Freiberg wa Marekani akaanza kuwafanyia wagonjwa upasuaji wa kuulegeza. Jina la ugonjwa lilikuja mwaka 1947, likatolewa na Robinson. Tangu hapo madaktari hawajaacha kubishana: ni ugonjwa wa kweli, au ni kapu la kuwekea maumivu yaliyokosa jina? Sababu ya ubishi ni kwamba hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha, na hakuna picha ambayo peke yake inatosha kuuthibitisha. Daktari anaufikia kwa kuondoa kimoja kimoja mpaka abaki nao.

Hapo kwenye kuondoa kimoja kimoja ndipo ninapoona hatari kubwa ya upasuaji huu, kuliko chumba cha upasuaji chenyewe. Kisu kilichoshikwa na mkono hodari kabisa hakimsaidii mtu ambaye ugonjwa wake uko kwingine. Na katika uwanda huu wa kati, kwenye mbuga za Wagogo, magonjwa yanayojifanya kuwa pirifomisi yana sura ya hapa hapa.

Chukua brusela. Huu ni ugonjwa wa mifugo unaowafanya ng'ombe na mbuzi kutupa mimba, na binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kumsaidia mnyama kuzaa na kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Tuko katika wilaya ambayo jina lake limepewa aina ya ng'ombe, Mpwapwa, iliyozalishwa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo cha hapo hapo, kwa hiyo si suala la kitabuni. Brusela ina kawaida ya kushambulia kiungo kinachounganisha sakramu na mfupa wa nyonga, sentimita chache tu kutoka pirifomisi inapoanzia. Mgonjwa anakuja na maumivu ya kalio upande mmoja, anachechemea, hawezi kukaa. Usipomuuliza habari za homa zinazopanda na kushuka, jasho la usiku na maziwa anayokunywa, utamkanda msuli miezi sita wakati anachohitaji ni dawa za kuua bakteria, doksisaiklini pamoja na nyingine, kwa muda usiopungua wiki sita.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho kimo. Mtu anakonda, maumivu hayampi nafuu hata akilala, na usaha unaweza kuteremka kwa ndani hadi kinenani au kalioni. Kwa kijana mwenye selimundu, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakufa kwa kukosa damu huku maumivu yakisikika kalioni. Na kuna jipu la ndani ya msuli, ugonjwa unaojulikana sana katika nchi za joto: juu ngozi iko shwari, chini msuli umejaa usaha. Huyu kweli anahitaji kisu, ila cha kutoa usaha, na anakihitaji leo, asingoje foleni ya mwezi ujao.

Kuna dalili ambazo hazisubiri hata kesho. Mtu akipata ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, akashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu yote miwili ikaishiwa nguvu, neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa. Hapo ni kwenda hospitali usiku ule ule, kwa usafiri wowote.

Vipimo vya mikono havihitaji umeme. Mtaalamu humlaza mgonjwa ubavu, upande mzima ukiwa chini. Mguu wa juu anaukunja nyongani na gotini, anausogeza upite mbele ya mwenzake, kisha analikandamiza goti taratibu kuelekea kitandani huku mkono wa pili ukizuia nyonga isifuate. Pirifomisi hapo inavutwa mpaka mwisho wake. Mgonjwa akisema, "Hapo hapo, daktari, ndio penyewe," na maumivu yakashuka mguuni kama anavyoyajua kila siku, hatua moja imepigwa. Halafu mtaalamu anabonyeza kwa kidole gumba katikati ya kalio. Anamnyoosha mguu akiwa chali na kuuinua ili kuona kama diski ndiyo yenye kesi. Anauliza maswali ambayo mama wa Gulwe atayaelewa mara moja: ukikaa kwenye kigoda kumenya mihogo yanazidi? Ukisimama yanapoa? Ulianguka lini?

Picha ya MRI ya kiuno ndiyo inayofuata, hasa ili kuona kama diski ina hatia. Kwa mtu wa Gulwe kipimo hicho zamani maana yake ilikuwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Siku hizi Hospitali ya Benjamin Mkapa iko Dodoma, jirani na Chuo Kikuu, na njia ya reli kutoka Gulwe hadi mjini Dodoma haifiki kilomita 100. Hospitali ya wilaya iko Mpwapwa mjini, karibu zaidi, na ndiko rufaa inakopaswa kuanzia. Anayeruka ngazi hiyo mara nyingi hurudishwa kuifuata barua, na nauli imeshaliwa.

Katika Afrika Mashariki ushahidi mzuri kuhusu upasuaji wa eneo hili la mwili unatoka Uganda, na chanzo chake ni sindano. Mwaka 1999 madaktari wa Kampala waliandika katika jarida la East African Medical Journal kuhusu watoto waliopooza mguu baada ya kudungwa kwinini kalioni kwa ajili ya malaria: dawa iliingia kwenye neva ya siatiki au pembeni yake. Baadaye, huko Kumi mashariki mwa Uganda, madaktari wa mifupa walikuta watoto wengi wasioweza kuchuchumaa wala kukaa wakiwa wamefunga mapaja, misuli ya makalio imegeuka makovu magumu, na historia za sindano nyuma yao. Dawa yao ilikuwa upasuaji wa kuyakata makovu hayo, sentimita chache kutoka kwenye neva ile ile. Shirika la Afya Duniani limeshaelekeza malaria kali itibiwe kwa atesuneti badala ya kwinini, kwa watu wazima tangu 2006 na kwa watoto miaka michache baadaye, na kwinini ikilazimu kupigwa kwenye msuli basi iwe pajani kwa mbele. Mzazi ana haki ya kumuuliza mhudumu anadunga wapi. Na duka la dawa si mahali pa kuvua suruali.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Tuseme magonjwa mengine yameondolewa na msuli umebaki peke yake kizimbani. Bado kisu kiko mbali. Mwaka 2002 Fishman na wenzake wa New York walitoa matokeo ya miaka kumi ya kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 900 waliofikiriwa kuwa na tatizo hili. Wengi walipata nafuu kwa sindano ya ganzi na steroidi iliyolenga msuli wenyewe pamoja na mazoezi tiba. Waliofika kwenye upasuaji walikuwa makumi machache tu. Nikisoma takwimu za namna hiyo huwa najiuliza ni wangapi hapa kwetu walipewa hata hayo mazoezi, kabla ya kuambiwa kwamba wameshindikana.

Zoezi kuu halihitaji kifaa. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti yote mawili, pandisha kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili, kisha vuta paja la chini kuelekea kifuani mpaka uhisi kalio linavutika. Hesabu hadi thelathini, pumzika, rudia, asubuhi na jioni. Kuvutika ni kawaida. Mguu ukianza kuwaka au kufa ganzi, punguza. Anayeacha baada ya siku tatu hajafanya kitu, kwani msuli huchukua wiki kadhaa kulegea.

Pamoja na zoezi, ondoa kinachoukaza. Dereva wa bodaboda anayebeba pochi nene na simu mfuko wa nyuma anakalia jiwe kutwa nzima, ahamishie mbele. Mama anayechota maji kwenye visima vya mchangani kwenye mto Kinyasungwe huinama na kujipinda mara kadhaa kwa ndoo moja, kisha huinuka na ndoo kichwani akiwa amesimamia mguu mmoja. Mkulima wa karanga hung'oa na kuchambua amekaa chini, miguu ameikunja upande. Diklofenaki inasaidia kwa siku chache, lakini kumeza vidonge hivyo mwezi baada ya mwezi ni kuhamisha maumivu kutoka kalioni kwenda tumboni na kwenye figo.

Anayefika kwenye upasuaji, basi, ni yule aliyefanya mazoezi kwa miezi, aliyechomwa sindano ya msuli ikampa nafuu ya muda tu (nafuu hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba wamempata mhalifu), na ambaye maisha yake yamesimama. Anapewa nusu kaputi au ganzi ya uti wa mgongo, analazwa kifudifudi au ubavu, na daktari anachana nyuma ya nyonga, anatenganisha nyuzi za msuli mkubwa wa kalio, anaitafuta pirifomisi na kuikata kwenye kano lake, pale inapojishikiza kwenye paja. Kisha anaifuata neva kwa macho na kidole kuhakikisha hakuna kovu wala utando unaoibana. Penye vifaa kazi hiyo hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo. Watu huuliza: ukikatwa msuli si utakuwa kilema? Hapana. Ipo misuli mingine mifupi jirani yake inayogeuza paja, nayo hubeba kazi hiyo.

Hatari zake nitazitaja kwa uzito wake, maana fomu ya ridhaa huziorodhesha zote kwa herufi za ukubwa mmoja. Ya kuogopwa zaidi ni neva ya siatiki yenyewe kujeruhiwa. Mara nyingi ni kuvutwa tu, na ganzi huondoka baada ya wiki au miezi. Mara chache sana ni jeraha la kweli, mtu akaamka hawezi kuuinua unyayo, mguu unaburuta vidole. Mishipa mikubwa ya damu ya kalio nayo iko hapo hapo, ikikatwa huvuja kwa kasi na kurudi ndani ya nyonga ambako ni kazi kuikamata, ndiyo maana damu ya akiba huulizwa kabla ya siku hiyo. Damu ikikusanyika chini ya kidonda inaweza yenyewe kuibana neva iliyofunguliwa asubuhi. Sehemu ya ngozi nyuma ya paja inaweza kubaki na ganzi. Kidonda kinaweza kuoza, na kiko mahali pa jasho na pa kukalia, karibu na haja kubwa. Damu inaweza kuganda mguuni kwa kulala muda mrefu, bonge likapanda mapafuni: shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, ni hospitali mara moja. Halafu kuna hatari ambayo wagonjwa hawaiulizii kamwe, kwamba kila kitu kiende sawa na maumivu yabaki.

Maelekezo ya kupona yaliyoandikwa Ulaya na Marekani ni mazuri, ila yameandikiwa nyumba nyingine. Yanasema tembea kwa magongo siku ile ile au kesho yake, nayo ni kweli hata hapa. Kulala tu ni adui. Yanasema usikae muda mrefu, usikunje nyonga kupita kiasi, usipinde paja kuingia ndani. Sasa mtu huyo mrudishe kwenye ua wa Gulwe. Choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Kitanda ni cha kamba, kifupi, kimebonyea katikati. Jiko liko chini. Magongo yanazama mchangani. Kila moja ya hayo inamlazimisha kufanya kile alichokatazwa, mara tano kwa siku.

Kwa hiyo maandalizi ya upasuaji wa Dodoma yanaanzia nyumbani, kabla ya safari. Fundi seremala anaweza kukata tundu kwenye kiti imara cha mbao kikawekwa juu ya tundu la choo, na hapo tatizo la kuchuchumaa limekwisha. Kitanda kiinuliwe kwa matofali na kuwekewa mbao chini ya godoro. Magongo yafungwe mpira mpana mwishoni. Kipande cha tairi kinatosha. Mtu wa kuchota maji apatikane kwa mwezi mzima na zaidi, na hili ndilo gumu kuliko yote kwa mama, kwa sababu jamaa watamwonea huruma wiki mbili, ya tatu watamwona anatembea na kudhani amepona. Mume na wakwe waambiwe na daktari mwenyewe, siku ya kuruhusiwa, mbele ya mgonjwa. Maneno hayo yakitoka kwa mgonjwa peke yake huonekana uvivu.

Kuna desturi moja ya kuizuia kabisa, nayo inafanywa kwa upendo: kukanda kwa maji ya moto. Shangazi anakuja na sufuria na kitambaa, anakanda kalio na paja jioni na asubuhi. Penye ganzi ngozi haisemi kwamba inaungua. Malengelenge hutokea, kidonda kipya kinazaliwa kando ya kile cha daktari. Majani yaliyotwangwa na chale navyo viwekwe kando. Kidonda kikae kikavu, kifunikwe, kioshwe kama kilivyoelekezwa, na nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 kwenye kituo cha afya kilicho karibu, bila kulazimika kurudi Dodoma kwa hilo tu. Usaha, harufu, homa au wekundu unaotambaa vinatosha kumrudisha mtu kabla ya tarehe.

Mazoezi yanarudi, safari hii kwa utaratibu: wiki za kwanza kutembea na kukaza misuli bila kuvuta sana, baadaye kunyoosha, kisha kuimarisha misuli ya pembeni ya nyonga ili mtu asichechemee. Wataalamu wa fiziotherapia wamekuwa wakifunzwa KCMC, Moshi, tangu miaka ya 1970, lakini vijijini bado ni wa kutafuta. Asiyeweza kufika kila wiki aombe afundishwe yote kabla hajaruhusiwa, na ndugu anayemuuguza arekodi kwa simu anavyoelekezwa. Kazi nyepesi ya kusimama au kutembea huwezekana baada ya wiki nne hadi sita. Jembe, ndoo kichwani na bodaboda kwenye barabara za vumbi zisubiri takriban miezi mitatu.

Na neva ina mwendo wake, hauharakishwi na mtu. Iliyokuwa imebanwa tu huanza kutulia ndani ya siku au wiki, na wengine huamka kutoka usingizi wa upasuaji wakisema moto wa mguuni umezimika. Lakini nyuzi za neva zilizokufa huota upya kwa kiasi cha milimita moja kwa siku. Kutoka kalioni hadi unyayoni mwa mtu mzima ni karibu mita nzima. Piga hesabu: ni miaka miwili na ushee, na si zote hufika. Ndiyo maana mtu ambaye unyayo wake umeanza kulegea hapaswi kuambiwa asubiri tu aone, wakati mwenye maumivu bila udhaifu anaweza kusubiri bila kupoteza kitu.

Maumivu yakibaki baada ya miezi sita, swali la kwanza lirudi mezani. Huenda ni kovu jipya limeizunguka neva. Huenda ilikuwa diski tangu mwanzo. Picha zirudiwe na brusela ipimwe kama haikupimwa, kabla mtu hajakubali kupasuliwa mara ya pili mahali pale pale, penye kovu, ambapo neva ni ngumu zaidi kuonekana.

Suala la mwisho ni kalenda, na madaktari wa mjini huwa hawalifikirii. Mvua za Dodoma huanza karibu na Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Bonde la kati ya Kilosa na Gulwe lina historia ndefu ya mafuriko yanayobomoa reli ya zamani. Yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliifunga njia kwa miezi. Reli mpya ya SGR, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma Julai 2024, imeinuliwa kwenye matuta na madaraja, lakini njia ya kutoka kijijini hadi stesheni bado inakatika mito ikijaa, na mwenye magongo haogelei. Upasuaji ambao si wa dharura, kama huu, unaweza kuombewa tarehe. Atakayepasuliwa Julai, mavuno yakiwa ghalani na njia kavu, ana nafasi nzuri ya kushika jembe mvua ya kwanza ikidondoka. Atakayepangiwa Oktoba aombe tarehe nyingine, au atenge mapema fedha ya vibarua wa kumlimia msimu huo.